Wanja wa Ufizi

Nyumbani kwa Fundi hukuwa fundi kwa cheti. Ulikuwa fundi siku ufizi wako ulipotoka wanja.

Ndivyo walivyouita wenyewe, wanja: mstari mwembamba wa rangi ya wino, pale ufizi unapokutana na jino, kana kwamba mtu kakupitishia kalamu ukiwa usingizini. Babu, baba yake Fundi, alikuwa nao mpaka anaingia kaburini. Fundi mwenyewe alikuwa nao, mnene, na akicheka na wateja ulionekana kabla ya meno. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi. Ulitoka kazini, basi, kama sugu inavyomtoka mpasua kuni.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika mabango. Duka la dawa, kinyozi, fundi baiskeli, shule ya chekechea, ukuta mzima wa kiwanda cha sabuni. Usiidharau. Kuandika herufi anaweza hata mtoto mwenye kipande cha mkaa. Kuimaliza ndiyo kazi. Mkia wa herufi uanze mnene, ukonde, ukonde, ubaki kama unywele, kisha upotee wenyewe ukutani mtu asione ulipoishia. Wengi walifika hapo wakatupa brashi, wakaenda kuuza mitumba. Ili mkia utoke hivyo, brashi lazima iwe na ncha kama sindano, na ncha hiyo, babu alifundisha, haitengenezwi kwa vidole wala kwa kitambaa. Inatengenezwa kwa midomo. Unachovya rangi, unaikamua kidogo kwenye ukingo wa kopo, unapitisha brashi katikati ya midomo huku ukiizungusha kwa ncha ya ulimi, unavuta mstari. Unachovya tena. Kutwa nzima, mwaka nenda mwaka rudi.

Na rangi zina ladha, waulize wa nyumba ile. Nyeusi inakwaruza koo. Nyeupe ni kama kulamba chaki. Manjano ni tamu. Mabinti wawili wa Fundi waligombania brashi ya manjano kama watoto wa wenzao wanavyogombania pipi, na baba yao alicheka mpaka machozi, akisema hawa wangu hawatakufa njaa, watakula herufi. Wakishikwa na tumbo, lile la kujikunja sakafuni na kuuma shuka, waliambiwa ni tumbo la rangi, wakapewa maziwa, kesho yake wakarudi kwenye ngazi.

Mama yao hakuandika. Yeye alifua. Siku ya kukwangua mabango ya zamani ili yaandikwe upya, Fundi alirudi amejaa vumbi la rangi mpaka kwenye kope, na Mama alizichukua zile nguo akazikung'uta kwanza ukutani, pa, pa, pa, vumbi likimrudia usoni, ndipo akazitia maji. Kati ya binti wa kwanza na wa pili alibeba mimba nyingine, zikaharibika moja baada ya moja. Kila moja ilipoharibika watu walikuja, wakakaa, wakasema ni amri ya Mungu, wakaenda zao.

Binti mkubwa alipachikwa jina la Nukta tangu mdogo, kwa sababu baba yake alimbeba mabegani aweke nukta juu ya herufi zinazotaka nukta. Mdogo wake aliitwa Kicheko, na ukimwona huulizi kwa nini. Alicheka kwa meno yote, na magego juu yake. Hata msibani ilibidi awekwe nyuma.

Mwaka Nukta alipomaliza sekondari, ufizi wake ukatoka wanja. Baba yake alimpeleka dirishani, akamshika kidevu, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mama Nukta, njoo uone. Mwanao kaiva."

Kuanzia siku hiyo aliruhusiwa kutia sahihi yake kwenye kona ya bango. Sheria ya nyumba ilikuwa hiyo: bila wanja huna sahihi. Kicheko alinuna wiki nzima. Kila asubuhi alichukua kioo cha kunyolea cha baba yake, akajikenulia humo, akakitua kwa hasira.

"Wangu umeibiwa na huyu," alisema, akimnyooshea dada yake kidole.

"Wako upo njiani," Baba alimjibu. "Lamba kwa bidii."

*

Safari ya ng'ambo ilikuja kwa mlango wa ukuta wa shule. Mgeni mmoja aliyekuja kukagua shule alisimama mbele ya ukuta aliouandika Nukta, akaupiga picha, akauliza ni nani, akaambiwa ni yule pale juu ya ngazi mwenye brashi mdomoni. Picha ikafika kwenye chuo kikuu kinachofundisha sanaa, mbali, nchi ya baridi. Barua zikaenda na kurudi, ufadhili ukapatikana. Mtaa mzima ukawa unasema binti wa Fundi anakwenda kusomea kupaka rangi, kitu ambacho baba yake alikuwa amemfundisha bure.

Fundi alichukua sanduku la safari, akaliandika NUKTA kwa manjano, na mkia wa herufi ya mwisho akauvuta ukazunguka pembe ukapotelea nyuma, karibu na bawaba. Lilikuwa bango lake zuri la mwisho, ingawa siku ile hakuna aliyelijua hilo. Aliliandika akiwa ameushikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kiganja chake kilikuwa kimeanza kulegea pale kwenye kifundo, kinaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa, na akitaka kukiinua kilikuja taratibu, kinabisha.

"Mkono wa babu huo," alisema Mama, bila hofu yoyote. Babu naye uzeeni mkono ulimwanguka hivyohivyo. Watu walisema ni mkono uliochoka kusifiwa, na vijana walimsogelea wakaushika kwa heshima.

*

Chuo kilikuwa na korido ndefu, mabomba ya joto yanayogugumia ukutani, na madirisha yasiyofunguka. Chumba cha Nukta kilikuwa na kitanda, meza, na ndoano moja ya koti. Sanduku aliliweka chini ya kitanda, jina likitazama mlangoni.

Wenzake walikuwa watu wa ajabu. Mmoja alileta kiti kilichovunjika mguu, akasema huyu ni baba yangu, watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mwingine alipaka turubai nyeupe rangi nyeupe, akalia alipoulizwa maana yake. Nukta aliwatazama akajisemea moyoni, hawa kwetu hata bango la kinyozi wasingepewa. Mwalimu wa kuchora, bwana mmoja mwenye skafu isiyovuliwa, aliupenda mstari wake lakini akaona umekaza mno.

"Legeza mkono," alimwambia kila akipita. "Legeza. Uache uanguke."

Nukta alimwona akilini baba yake akiwa ameushikilia mkono kwa mkono, akakosa raha, akaukaza wake zaidi.

Rangi zilikaa kwenye karakana, ndani ya makabati ya chuma. Kabati moja lilikuwa na mchoro wa fuvu mlangoni. Siku ya kwanza Nukta alilisogelea, akalikagua kwa jicho la kazi, akaona aliyelichora hajui meno. Meno yote yamelingana kama matofali, ufizi haupo. Maandishi ya chini yake hakuyasoma. Aliyapima nafasi tu baina ya herufi.

Karakana ilikuwa na mwangalizi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na mikono iliyojaa makovu ya patasi. Wanafunzi walimwogopa kuliko maprofesa. Nukta alimwita "mama" kwa sababu hangeweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu, naye yule mama alicheka mara ya kwanza, mara ya pili akazoea.

Siku moja Nukta alikuwa peke yake kwenye meza ya dirishani. Alikuwa amechukua kopo kutoka kabati la fuvu, kwa sababu ndimo alimoona manjano iliyofanana na ya kwao. Alichovya, akakamua, akapitisha brashi midomoni, akavuta mkia. Ulitoka mzuri. Alichovya tena, na kabla brashi haijafika mdomoni mkono wake ulidakwa.

Mama wa karakana hakupiga kelele. Alimnyang'anya brashi, akaiweka mbali kama mtu anayeweka nyoka, akamvuta mpaka kwenye bomba la maji.

"Sukutua. Usimeze. Tena. Sukutua tena."

Nukta alisukutua. Akatema maji ya manjano. Alipoinua kichwa na kutabasamu kwa aibu, yule mama akavaa miwani, akasogeza uso karibu.

"Hebu nione. Inua mdomo."

Nukta akauinua kwa kidole gumba, tena kwa fahari kidogo, kama alivyofanya baba yake dirishani.

Yule mama akakaa chini.

"Nani alikufundisha kulamba?"

"Baba. Na yeye alifundishwa na babu. Sisi ni watu wa mabango, mama."

"Na huyo baba yako," alisema yule mama, polepole, kama mtu anayekanyaga mbao mbovu, "mkono wake ukoje?"

Nukta akalifunga bomba la maji. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote wa nchi ile habari za mkono wa baba yake.

*

Hospitali ilimpima damu. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye maswali madogo madogo ya kawaida, na hayo ndiyo yaliyomuumiza Nukta.

Tumbo humshika? Ndiyo, lakini ni tumbo la rangi, anakunywa maziwa. Kichwa? Wote nyumbani wanaumwa vichwa. Rangi za zamani wanazitoa vipi? Wanakwangua. Vumbi linakwenda wapi? Kwenye nguo. Nani anafua? Mama. Mama amezaa wangapi?

"Wawili," Nukta alisema. "Na wengine walioharibika." Akajisikia akiyasema. Ni kama maneno yametoka kinywani kwa mtu mwingine, yakageuka, yakamtazama.

Daktari akamweleza kwa lugha ya kueleweka. Rangi kama zile hutiwa madini ya risasi, ndiyo yanayozifanya zikolee na zisipauke juani. Yakiingia mwilini hukaa. Huingia kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye mishipa ya mkono, kwa mtoto aliye tumboni. Ule mstari wa ufizi ni alama yake: mwili umejaa mpaka sumu inaonekana kwa nje.

"Wewe ni kijana na umeacha leo. Mstari utafifia taratibu," alisema. "Walioko nyumbani waache leo pia. Wasisubiri kesho. Asiyetoka mstari bado ana bahati."

Jioni ileile mama wa karakana alikuja chumbani kwake na kijiti chenye pamba ya dawa. Alisema kikigusa risasi hugeuka chekundu. Nukta alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Yule mama akakipitisha kijiti juu ya jina, kwenye manjano ya mkia ule mrefu uliozunguka pembe. Pamba ikawa nyekundu mara moja, nyekundu ya midomo ya bibi harusi. Wote wawili wakaitazama.

Nukta alilifunika sanduku kwa taulo, akaligeuzia ukutani.

*

Kumpigia baba yako simu umwambie kwamba alama aliyokuvisha ni sumu si jambo la kuamka na kulifanya. Alizunguka nalo. Alipanga maneno akiwa bafuni, akayapangua akiwa darasani. Siku mbili tatu akajidanganya kwamba anasubiri saa nzuri. Hatimaye akapiga moyo konde.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Nukta wangu. Baridi imeshakumaliza?"

"Bado inanitafuna. Baba, uko peke yako?"

"Niko na ngazi. Haina maneno."

Akamwambia. Alianza na damu, akaja kwenye wanja, akaja kwenye mkono. Aliposema risasi, baba yake alicheka.

"Risasi? Nani kampiga nani?"

Nukta hakucheka, na kicheko cha baba yake kikakatika chenyewe.

"Babu yako alilamba, akafa mzee," alisema Fundi.

"Alikufa hawezi kushika kijiko, baba. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

"Hayo wamekwambia waliosoma."

"Wamenipima damu. Wamepitisha dawa juu ya jina langu, lile la kwenye sanduku. Ikawa nyekundu mbele ya macho yangu."

Alisikia kopo likitua kwenye saruji. Kisha pumzi.

"Kuna jingine," Nukta alisema. "Zile nguo. Lile vumbi analokung'uta mama. Daktari kaniuliza mama amezaa wangapi."

Akadhani simu imekatika. Aliitazama. Ilikuwa bado inahesabu.

"Umemwambia?" baba yake aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi.

"Sijamwambia yeyote. Nimeanza na wewe."

"Usimwambie."

"Lakini baba..."

"Hilo la nguo usimwambie mama yako. Alizika, akalia, akanyamaza. Unataka nimwambie nini, kwamba nilikuwa nawaua mimi kwa shati? Nguo zangu nitafua mwenyewe. Na huyu mdogo wako nitamkataza kwa mdomo wangu. Niachie nyumba yangu, Nukta."

"Kicheko hajatoka wanja?"

"Bado. Anajikenulia kwenye kioo kila siku kama nyani."

"Basi mwahi, baba. Daktari kasema asiyetoka ana bahati. Leo, si kesho."

"Nimekusikia. Nimesema niachie."

Akamwachia. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la adabu. Alilelewa hivyo: humruki baba yako ukaenda kunong'ona na mtoto wake mdogo. Neno likishafika kwa mkubwa, mkubwa ndiye atakayelishusha. Namba ya Kicheko ilikuwa kwenye simu ileile, chini tu ya ya Baba. Hakuigusa kwa jambo hilo. Kila alipoongea na mdogo wake waliongea mambo ya theluji na vijana.

Ila alituma kifurushi. Mama wa karakana alimtafutia brashi za manyoya laini ambazo ukizilowesha zinajikusanya zenyewe zikawa na ncha, hazihitaji mdomo. Alizifunga kwenye boksi, akalizungushia kamba, akaandika juu: *Za Baba na Kicheko. Za kazi, si za pambo.*

*

Kicheko alikuwa na tabia ya kumtumia picha za kila bango walilomaliza. Ya kwanza kufika baada ya simu ile ilikuwa ya fundi viatu. Nukta aliikuza kwa vidole viwili, akaenda moja kwa moja kwenye mikia. Ilikuwa mibovu. Minene, imekatwa butu kama mkia wa mbwa wa mlinzi. Nukta alikaa kitandani akacheka peke yake kwa furaha. Hakuwahi kufurahia kazi mbaya namna ile. Baba ametimiza neno.

Ya pili ikaja, ya duka la magodoro: butu vilevile. Alianza kulala. Tumbo lake lilikuwa limeacha kumsokota, na asubuhi moja kwenye kioo aliona wanja umefifia, umekuwa wa kijivu. Alijikuta anausikitikia kidogo, mjinga huyo, kama mtu anayeona jina lake linafutwa.

Kisha ikaja picha ya zahanati.

Ilikuwa kliniki ya mama na mtoto, ukuta mpya, mrefu, umeandikwa wote kwa manjano. Na mikia ilikuwa kama unywele. Kila herufi ya mwisho ilikonda, ikakonda, ikapotea. Chini Kicheko alikuwa ameandika: *Watu wanasimama barabarani kutazama.*

Zitakuwa zile brashi, Nukta alijiambia. Zimefika. Akaikuza picha mpaka rangi ikawa vipande. Brashi inayojikusanya yenyewe huvuta mkia ukanyooka. Alikuwa ameshazitumia, anajua. Brashi iliyozungushwa kwa ulimi huweka pinda dogo upande wa kushoto, mwishoni kabisa, kabla mkia haujapotea. Kwa mtu mwingine si kitu. Kwa wale wa nyumba ile ni kama kumsikia ndugu yako anakohoa chumba cha pili.

Pinda lilikuwepo. Kila mkia, kushoto.

Na mkono wa Baba haukuwa na uwezo wa kuvuta mkia kama ule tena. Kwa hiyo alijua ni midomo ya nani.

Akampigia baba yake. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena, ikakatwa. Akiwa bado ameishika mkononi, ikaanza kuita yenyewe, simu ya picha, na jina lilikuwa la Kicheko.

Uso wa mdogo wake ulijaa kioo chote. Nyuma yake ulionekana uwanja wa nyumba, ngazi imelazwa, makopo. Juu ya rafu boksi la brashi limekaa, kamba yake haijafunguliwa. Na kwa mbali, kutoka uani, kulikuwa na sauti iliyokuja kwa mpigo mmoja mmoja: pa, pa, pa.

"Dada, umekaa?" Kicheko aliuliza. "Kaa kitako kwanza."

"Nimekaa."

"Hujakaa, nakuona umesimama. Haya. Tazama."

Akashika brashi kwa mkono wa kulia, na kwa kidole gumba cha kushoto akauinua mdomo wa juu mpaka puani. Ulikuwepo. Mwembamba bado, wa leo au wa jana, bluu ya wino, unafuata meno moja moja kama ulioandikwa na mtu makini.

"Nimeiva," alisema Kicheko, mdomo ukiwa bado juu, maneno yakitoka yamevimba. "Viatu na magodoro aliandika Baba, ile zahanati yote niliandika mimi, Baba alikaa kwenye kiti tu. Kesho natia sahihi. Sasa sisemi tena wangu uliuiba."

Nyuma yake Baba alipita, akasimama. Alikuwa amekonda. Kiganja chake cha kulia kilining'inia moja kwa moja chini, hakikushika kitu. Aliitazama simu, akamtazama binti aliye ndani yake, na kwenye uso wake hapakuwa na mshangao.

"Baba," Nukta alisema. "Ulisema utamwambia."

"Kuniambia nini?" Kicheko aligeuka. "Baba, kuniambia nini?"

"Mwache afurahi leo," Fundi alisema, chini kwa chini. "Kazi ile ya zahanati bila mkia wasingeipokea. Kesho nitamwambia. Mwache leo."

Pa, pa, pa, sauti ya uani iliendelea.

"Nani anakung'uta hizo nguo?" Nukta aliuliza.

"Mama, nani mwingine," alisema Kicheko. "Zile za kukwangulia ukuta wa zahanati. Kwani nini? Mbona unanitisha?"

Nukta alimtazama baba yake kwa muda ambao mtoto hamtazami baba. Fundi aliinamisha macho. Akajaribu kuuinua mkono kama anayetaka kuomba, ukafika nusu, ukaanguka. Kisha akatoka kwenye picha, na pale alipokuwa amesimama ukabaki ukuta.

"Kicheko," Nukta alisema. "Nenda kamwite Mama. Mwambie aache hizo nguo, aziache chini hapo hapo, asizishike tena, aje hapa. Nina neno la kuwaambia wote wawili, na wewe ukae karibu naye nikimwambia."

"Dada, nani kafa?"

"Mwite Mama."

Kicheko akageuza shingo akaita mara moja, kwa sauti ndefu. Uani mpigo haukukoma. Mama alikuwa hasikii kwa kelele za nguo zake mwenyewe. Kicheko akangoja, uso umemsawijika, kicheko chote kimemwishia isipokuwa kile kidogo cha mazoea kilichobaki kwenye pembe za mdomo. Akaita tena. Akangoja tena. Na akiwa anangoja, macho yakiwa uani, mawazo yakiwa kwa huyo aliyekufa ambaye hakutajwa, mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukapitisha brashi katikati ya midomo, ukaizungusha.